Mguu Usiokaa Juu: Kisa cha Hozi za Trimu katika Hori ya Tudor

Nahodha alikuja na malalamiko mawili akiyahesabu kuwa moja. La kwanza, kila jioni huupandisha mguu wa boti, yaani ile sehemu ya nje inayobeba pangaboi, mpaka mwisho, na alfajiri huukuta umeshuka, pangaboi imezama topeni. La pili, akirudi nyuma kutoka gatini mguu hujiinua wenyewe, injini inapiga kelele, pangaboi inatafuna povu na boti haiendi popote. Dawa yake kwa yote mawili ilikuwa kuongeza oili kwenye pampu. Alipokuja kwetu alikuwa ameongeza oili kwa muda mrefu, na kuna fundi aliyekwisha kumwambia kwamba silinda zote mbili zimekufa, anunue mpya.

Boti ni ya fiberglasi, ya kupeleka wageni kutazama samaki katika Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, ile iliyotengwa mwaka 1986 mbele ya Nyali na Bamburi. Inalala hori ya Tudor. Injini ya petroli ya V6, lita 4.3, imekaa ndani kwenye tezi, na nje umening'inia mguu wa MerCruiser Alpha One. Aina hii ndiyo huitwa stendraivu: injini ndani kama gari, mguu nje kama injini ya kufunga nyuma. Ilikuwa mwezi wa Novemba, wakati wa matlai, bahari imetulia na kaskazi iko njiani. Msimu wa wageni ulikuwa unagonga mlango, na mwenye boti hakuwa na subira ya maelezo marefu.

Maelezo mafupi basi. Mguu hupandishwa na kushushwa na silinda mbili, moja kila ubavu, na mfumo huo ndio huitwa trimu. Pampu ya umeme wa volti 12 iko ndani ya boti pamoja na tangi lake dogo la oili. Kutoka pampuni hozi mbili hupita ukuta wa tezi na kuingia kwenye bloku ya kugawia, iliyofungwa chini kabisa ya gimbo, yaani lile umbo la alumini linalobeba mguu. Kutoka kwenye bloku hutoka njia nne kwenda kwenye silinda, mbili za kupandisha na mbili za kushusha. Ukipandisha, oili inasukuma fito za silinda nje na mguu unainuka. Presha ya upande huo hupita PSI 2,000 (pauni kwa kila inchi ya mraba) pampu inapofika mwisho. Upande wa kushusha una presha ndogo zaidi, lakini usiudharau. Boti ikienda mbele, msukumo wa pangaboi unaubana mguu uelekee boti. Ikirudi nyuma, msukumo huo huo unauvuta uinuke, na kinachouzuia ni oili iliyofungiwa upande wa kushusha.

Kwa hiyo mguu unaozama usiku unakuelekeza kwenye njia ya kupandisha. Mguu unaoruka ukirudi nyuma unakuelekeza kwenye njia ya kushusha. Hayo ni magonjwa mawili. Silinda zinaweza kusababisha yote mawili, ni kweli, lakini silinda mbili kufa pamoja, kila moja pande zote mbili, ni jambo la kushuku kabla ya kulitolea pesa.

Jambo la mwanzo halikuhitaji spana. Tangi la pampu ni la plastiki, usawa wa oili unaonekana kwa nje. Tuliushusha mguu mpaka mwisho, tukajaza oili hadi mstari, tukabandika kipande cha utepe pale. Kisha tukaupandisha, tukauacha usiku kucha. Hesabu yake ni hii: ikiwa vali ya ndani ya pampu ndiyo inayopitisha, mguu utashuka lakini oili itarudi tangini, na asubuhi usawa utakuwa palepale penye utepe. Ikiwa oili inatoka nje, mguu utashuka na tangi litapungua. Asubuhi mguu ulikuwa chini, na oili imeshuka chini ya utepe kwa upana wa kidole. Pampu ikatoka mashakani. Ngama, yaani tumbo la chini la boti, tuliikausha kwa kitambaa cheupe na hapakuwa na alama ya oili ya trimu, kwa hiyo hozi mbili za ndani nazo zikatoka. Yaliyobaki yote yako nje, majini.

Na majini hakuna wa kukuonyesha. Utando wa rangi za upinde wa mvua juu ya maji unakuambia kuna oili, haukuambii inatoka wapi. Ilibidi boti ipwelezwe, yaani iachwe pakavu maji yakipwa.

Hapa Mombasa tuna bahati moja ambayo mafundi wa kwingi hawana: bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na karibu kila bamvua maji hujaa mnamo saa kumi na kupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Yaani bahari inakukausha boti wakati wa mwanga, jua halijawa kali, bila winchi wala trela. Ukiipandisha boti ufukweni na maji ya alfajiri, ukaiegemeza kwa magogo pande mbili, unapata saa kadhaa za kufanya kazi mguu ukiwa mkavu. Ubaya wake ni kwamba maji yanarudi, uwe umemaliza au hujamaliza. Kazi ya hozi za trimu ukiiacha wazi maji yakaingia kwenye bloku, umejitengenezea kazi nyingine kubwa kuliko ya mwanzo. Ndiyo maana siku ya kupweleza ya kwanza tulikwenda kutazama tu. Mwenye boti alinuna. Alitaka tuje na hozi mpya mkononi tufunge siku hiyo hiyo. Hozi za nini, za wapi, za urefu gani, hakuna aliyekuwa anajua.

Tuliosha mguu kwa maji baridi na sabuni, tukakwangua yale makombe madogo yanayojiganda kwenye chuma, tukakausha kwa kitambaa, kisha tukapaka poda ya mtoto kila mahali: kwenye hozi, silinda, bloku na maungio. Poda ikiguswa na oili hubadilika rangi papo hapo. Baharia kijana akapanda ndani kwenye swichi. Akaambiwa apandishe mpaka pampu igune, aachie, kisha ashushe mpaka igune tena.

Akauliza, "Ami, nishike hozi nione inatetemeka wapi?"

Nahodha akamkatalia kabla sijafungua mdomo, na alifanya vyema. Oili inayotoka kwenye tundu la sindano kwa presha ile hupenya ngozi bila maumivu makubwa ya mwanzo, na mkono uliopenywa na oili ni wa kukimbizwa hospitali kufanyiwa upasuaji, hata kama jeraha linaonekana dogo kama la mbu. Kutafuta uvujaji tumia kipande cha boksi, ukipitishe karibu na hozi. Mkono ubaki mfukoni.

Poda ikasema. Silinda zote mbili zilikuwa kavu kwenye sili zake, ile mipira inayozuia oili isitoke. Upande wa kushoto mkavu wote. Upande wa kulia ulikuwa na alama mbili. Moja ilikuwa kwenye hozi ya kupandisha, pale kikombe cha chuma kilichobanwa mwisho wa hozi kinapokutana na mpira. Nyingine ilikuwa katikati ya hozi ya kushusha, mahali pasipo na ungio lolote. Oili ya zote mbili ilikuwa ikitambaa juu ya hozi mpaka chini, ikidondokea kwenye bloku. Bila shaka ndiyo iliyowadanganya waliotazama kabla yetu.

Hapa ndipo kisa kinapoanza kuwa na utamu, maana hozi ya kupandisha ya kulia haikufanana na wenzake. Zile tatu zilikuwa nyembamba, za zamani, ncha zake zimepakwa rangi nyeusi. Hii ilikuwa nene na ngumu, na juu yake kulikuwa na maandishi ya kiwandani ya SAE 100R2. Ni hozi ya haidroliki ya lori au ya matrekta, yenye nyavu mbili za waya ndani yake. Nahodha akakumbuka: hozi hiyo ilipasuka zamani, fundi mmoja akaenda nayo kwenye duka la kubana hozi huko kwenye malori, akarudi na hii. Mwenye duka alimsifia kwamba ni ya nguvu maradufu. Na ni kweli kabisa. Hozi ya R2 ya robo inchi imeruhusiwa kubeba karibu PSI 5,800 kazini, ilhali ya R1, yenye wavu mmoja, hubeba kama 3,200. Kwa presha ya trimu hii, R1 inatosha na inabaki.

Tatizo ni kwamba hozi ya mguu wa boti kazi yake si kubeba presha peke yake. Inakunjwa. Kila nahodha akikata kona, mguu unazunguka kulia na kushoto na hozi zinakwenda nao. Kila akipandisha au kushusha, zinakwenda nao tena. Tukamwomba baharia azungushe usukani mpaka mwisho wa kulia huku mguu ukiwa juu, tukalala chini topeni tukatazama. Hozi nene haikutaka kukunjika. Badala ya kufuata njia yake nyuma ya gimbo, ilijibinua nje, ikaegemea hozi ya kushusha iliyo jirani yake, ikaikandamiza kwenye ukingo wa alumini. Pale pale pa kukandamizwa ndipo mpira wa jirani ulipokuwa umelika mpaka waya zikaonekana, waya zimeshika kutu, na chini ya kutu oili inatoka jasho. Na ile nene yenyewe, kwa kuwa haikunjiki mwilini, ilikunjika mwishoni, kwenye kikombe. Kikombe kilikuwa cha chuma cha kawaida kilichopakwa zinki, ambacho shambani au barabarani hudumu miaka. Kwenye maji ya chumvi yenye joto la zaidi ya nyuzi 25 mwaka mzima, zinki ilikuwa imekwisha na kutu imeinua mdomo wa kikombe.

Kwa maneno mengine, matengenezo mamoja yalizaa mivujo miwili, kila mmoja kwenye njia yake, na kila njia ikatoa dalili yake. Silinda mpya zisingeponya hata moja. Zingefungwa kwa hozi zile zile.

Mwenye boti aliposikia akasema tubadilishe hizo mbili basi. Nilimpinga. Hozi mbili za kushoto hazikuwa zinavuja, lakini nilipokwangua rangi nyeusi kwenye vikombe vyake, kutu ilikuwa tayari imeanza chini ya rangi, ikitoka vigamba. Rangi huficha. Kazi yenyewe, yaani kupweleza, kuifikia bloku, kulegeza nati, kutoa hewa, ni ile ile kwa hozi mbili au nne, na nati zilizogandana hazipendi kuguswa mara kwa mara. Akauliza bei, akatazama bahari kidogo, akakubali nne.

Swali likawa nne zipi. Seti ya hozi zilizotengenezwa maalumu kwa mguu huu, zenye ncha za chuma kisichoshika kutu, ilikuwa ya kuagizwa ng'ambo, na wageni wa Desemba hawangojei meli. Kuna watu watakwambia usiguse kabisa hozi za kubanwa hapa mjini. Mimi sioni hivyo. Mashine ya kubana ya Shimanzi au Changamwe ni mashine ile ile, na hozi ya R1 yenyewe haijui kama imefungwa kwenye lori au kwenye boti. Panapoharibika ni mambo matatu ambayo mwenye duka la malori hana sababu ya kuyajua: ugumu wa hozi, chuma cha ncha, na nyuzi za ungio. Hayo matatu ukienda nayo mwenyewe mkononi, unapata kitu cha maana.

Kwa hiyo tulikwenda na sampuli. Tulidai R1, tukatafuta vikombe na ncha za chuma cha pua cha daraja la 316, ambazo hazikupatikana duka la kwanza wala la pili. Nyuzi na koni za ncha tulizipima dhidi ya ncha za zamani, moja moja, kwa kuzifunga kwa vidole kwenye ungio halisi. Ungio linaloingia kwa nguvu ya spana tu si lake, hata kama linaingia. Urefu hatukuupima kwa hozi ya zamani iliyojikunja, tuliupima kwa kamba, mguu ukiwekwa kwenye pembe zote nne: juu kulia, juu kushoto, chini kulia, chini kushoto. Hozi iwe ndefu ya kutosha kwenye pembe mbaya kuliko zote, na isiwe ndefu kiasi cha kuning'inia ikasuguana na pete ya gimbo.

Bamvua iliyofuata tukafunga. Nati za bloku tulikuwa tumezilowesha mafuta ya kulegezea kila maji yakipwa tangu siku ya kutazama. Moto haukuwashwa: pale juu kuna mpira mkubwa wa kukunjika unaozuia maji yasiingie kwenye boti, na ndani kuna petroli. Spana tuliyotumia ni ile yenye mdomo wa kukumbatia nati pande karibu zote, maana spana ya kawaida hula kona za nati hizi. Hata hivyo nati moja ilikatika na kuacha nyuzi ndani, na kuitoa kulitula sehemu kubwa ya asubuhi. Kabla ya kufungua chochote tulikuwa tumeukinga mguu kwa gogo na kamba. Uzito wake unakaribia wa mtu mzima, na hozi ya kupandisha ikifunguliwa hakuna tena kinachoushikilia. Chini tukaweka karai na vitambaa vya kunyonya. Hori ya Tudor ina mikoko, na kumwaga oili baharini ni kosa kisheria, sembuse aibu.

Wakati wa kukaza hozi mpya, tazama mstari wa maandishi ya kiwandani unaokwenda kwa urefu wake. Ukikaza nati na ule mstari ukajisokota kama mzabibu, hozi imepindwa, na itaanza kufa siku hiyo hiyo. Shika hozi kwa spana ya pili, kaza nati peke yake, mstari ubaki umenyooka. Tulifunga za kushusha kwanza kwa kuwa ziko ndani zaidi, kisha za kupandisha, na baada ya kila moja tukazungusha usukani huku na huku kutazama njia. Hakuna iliyogusa mwenzake.

Oili ya zamani ilitoka ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, dalili ya maji ndani yake. Hakuna aliyekumbuka ni oili gani zilizokuwa zimeongezwa, kila mtu alitia iliyokuwa karibu. Tuliitoa yote. Vitabu vya MerCruiser vya miguu hii huruhusu oili ya injini ya SAE 10W-30 au 10W-40 pale oili yake maalumu isipopatikana, na 10W-40 inapatikana kila kona ya Mombasa. Oili ya breki hairuhusiwi hata siku ya dhiki, inavimbisha sili. Hewa tuliitoa kwa kulegeza ncha upande wa silinda mpaka oili itoke bila povu, kisha tukaikaza na kuupandisha na kuushusha mguu mara kadhaa, tukipumzisha pampu ipoe. Usawa wa tangi ulisomwa mguu ukiwa chini kabisa. Ukijaza mguu ukiwa juu, siku ukiushusha oili ya ziada ya kwenye silinda itarudi tangini na kufurika kwenye ngama.

Anodi nazo, vile vipande vya metali vinavyowekwa ili viliwe na kutu badala ya mguu, zilikuwa zimepakwa rangi ya kuzuia viumbe, sawasawa na mguu wote. Anodi iliyopakwa rangi haifanyi kazi, imekuwa pambo tu, na rangi yenyewe ilikuwa ya shaba, kitu kisichofaa kabisa juu ya alumini. Ncha zetu mpya za chuma cha pua zingekaa dhidi ya bloku ya alumini bila chochote cha kuliwa badala yake. Tukafunga anodi mpya, tukamwachia nahodha maagizo kwamba brashi isizikaribie.

Mguu ulikaa juu usiku ule na utepe haukusogea. Boti ikarudi nyuma kutoka gatini bila kuruka, na nahodha akaondoka kwenda Nyali na wageni. Kinachosubiri ni fito ya silinda ya kushoto, ina kishimo kidogo cha kutu karibu na mwisho wake. Kwa sasa kishimo hakifiki kwenye sili, ila mguu unapopandishwa hadi juu kabisa. Mwenye boti ameshaambiwa kwamba kusi ikiingia na boti ikipandishwa nchi kavu, fito hiyo itoke ing'arishwe au ibadilishwe, na hozi nne zitazamwe vikombe vyake. Seti ya ng'ambo aliiagiza hata hivyo. Imewekwa kwenye kabati la boti, ndani ya mfuko wake.